MITAMBO YA STIMA IKIZEEKA, NANI ATALIPA?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Changamwe. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.)



Kwanza twawashukuru kwa kuja. Twajua wengine mmetoka zamu ya usiku na hamjalala, wengine mmevuka feri kutoka Likoni, na wengine mmetoka Kisauni kwa nauli yenu wenyewe. Hatutawaweka sana.

Leo tumepewa nafasi ya kusema juu ya stima. Mtu mmoja alituuliza pale mlangoni: "Ninyi ni watu wa reli. Stima yawahusu nini?" Swali hili ni zuri, na tutalijibu kwanza.

Yatuhusu kwa mambo matatu. Jambo la kwanza, sisi wa Changamwe twaishi na mitambo hiyo. Kutoka yadi yetu mpaka Kipevu si safari, na watoto wa mitaa yetu wamefanya kazi huko. Jambo la pili, kila mmoja wetu hununua tokeni. Mshahara wa tarehe moja, ikifika tarehe kumi na tano umeme umekwisha. Jambo la tatu, reli za siku zijazo zitakwenda kwa stima. Reli yetu mpya ya Mombasa na Nairobi ilianza kazi mwaka 2017, na injini zake ni za dizeli, lakini ilijengwa kwa namna ambayo yaweza kutiwa stima baadaye. Wenzetu wa Tanzania wametutangulia. Mwaka 2024 treni zao za stima zilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, kisha mpaka Dodoma. Siku ile stima ikikatika, dreva hana la kufanya ila kukaa na kungoja. Basi mpango wa stima ni mpango wa kazi yetu.

Sasa tuingie katika neno lenyewe. Kila mtambo huzeeka. Sisi wa reli hatuhitaji kufundishwa habari hiyo. Wazee wetu waliendesha zile Garratt kubwa za daraja la 59, injini 34 zilizotengenezwa Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilivuta mizigo mizito kutoka hapa Mombasa mpaka Nairobi. Lakini dizeli ilikuja, na kufika mwaka 1980 zilikuwa zimekwisha kazi. Moja yao, Mount Gelai, ipo katika jumba la makumbusho la reli, Nairobi. Watoto huipanda na kupigwa picha.

Baba wa mmoja wetu alikuwa fayaman wa injini hizo. Alituambia neno ambalo hatujalisahau. Alisema: "Injini walijua tarehe ya kuizima. Sisi hatukuambiwa tarehe yetu." Yeye alipata bahati, maana fundi mmoja alimfundisha kazi ya dizeli jioni baada ya zamu, kwa hiari yake tu. Wenzake wengi hawakupata fundi wa namna hiyo. Mtambo uliwekwa katika makumbusho, na watu wakarudi kwao wakiwa na mikono mitupu.

Ndugu, hilo ndilo tunalotaka mlichukue leo mkienda nyumbani: mtambo wa stima ukizeeka, yapasa mambo matatu yawe tayari kabla ya siku ya kuuzima. Kwanza, stima itakayoshika nafasi yake. Pili, watu wanaoutunza. Tatu, mahali pale ulipokaa, pamoja na uchafu unaouacha. Mambo hayo yasipowekwa tayari, mfanya kazi hulipa mara tatu: hulipa gizani, hulipa langoni anapoachishwa kazi, na hulipa kwa afya yake.

Tutazame historia yetu kidogo. Stima ya Mombasa ilianza kwa mtambo mkuukuu. Mwaka 1908 mfanya biashara wa hapa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua mashine ya umeme iliyokuwa ya Sultani wa Unguja, ikaletwa kumulika mji. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliungana. Baadaye Kipevu pakawekwa mitambo ya mvuke iliyochoma mafuta mazito. Nayo ilizeeka ikaondolewa. Mwaka 1999 ukaja mtambo wa dizeli tunaouita Kipevu ya kwanza, wa megawati 75. Mwaka 2001 ikaja Kipevu ya pili, megawati 74. Rabai wakajengewa mtambo wa megawati 90, na mwaka 2011 Kipevu ya tatu ikaanza, megawati 120.

Kwa nini dizeli nyingi namna hii pwani? Kwa sababu mabwawa ya mto Tana yako mbali, na nyaya za kuleta stima huku zilikuwa nyembamba kwa mzigo wetu. Tena mvua si mtumishi wa mtu. Wakubwa wenu wakumbuka mwaka 2000, ukame uliposhusha maji ya mabwawa na nchi nzima ikapewa stima kwa zamu. Viwanda vilisimama na vibarua wakaambiwa wasije. Wakati ule dizeli ilikuwa mwokozi.

Lakini mwokozi huyu ni ghali. Bei ya mafuta duniani ikipanda, hupanda ndani ya tokeni yako. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mikataba mingi ya mitambo hii ina malipo ya namna mbili: malipo ya stima iliyotolewa, na malipo ya mtambo kuwa tayari tu. Ni kama kupanga chumba Magongo. Ukilala usilale, mwenye nyumba ataka kodi yake. Basi mtambo waweza kukaa kimya mwezi mzima, na sisi twaulipia.

Mambo sasa yamebadilika. Mwaka 2017 laini kubwa ya volti elfu 400 ilimalizika, karibu kilomita 480, kutoka Isinya mpaka Rabai. Kwa laini hii mvuke wa ardhi wa Olkaria hufika mpaka taa za Likoni. Mvuke wa ardhi peke yake hutoa zaidi ya sehemu 40 katika kila sehemu 100 za stima inayozalishwa nchini. Umekuja upepo wa Turkana, umekuja mwanga wa jua wa Garissa, na tangu mwisho wa mwaka 2022 twanunua na stima ya Ethiopia. Kwa hiyo Kipevu ya pili ilipomaliza mkataba wake wa miaka 20 mwaka 2021, ilifungwa. Miaka ya Kipevu ya kwanza, ukiihesabu, nayo imekwisha. Na Rabai na Kipevu ya tatu, ukiwapa miaka 20 vilevile, zamu yao ya kuulizwa ni karibu mwaka 2030 na 2031. Si mbali, ndugu. Mtoto anayeingia darasa la kwanza leo atakuwa hajamaliza shule ya msingi.

Sasa sikilizeni maneno ya watu wawili. Juma moja tulikaa nyumbani kwa mmoja wetu, Mikindani, tukizungumza habari hizi. Alikuwapo mwenzetu mmoja aliyewekwa na kontrakta katika mtambo mmoja wa stima kwa miaka tisa. Kazi yake ni kusafisha na kupaka grisi, na kila mwaka hutia sahihi upya. Alikuwapo na mama mmoja jirani, anayeuza barafu na maji ya ukwaju. Friji yake ndiyo shamba lake.

Yule mama alisema: "Mimi nataka stima ya bei ndogo. Mitambo hiyo ya mafuta na ifungwe hata kesho." Yule mwenzetu akajibu: "Mama, mtambo ukifungwa bei yako itashuka, nami nitapanda basi kurudi kwetu shamba." Nyumba ikanyamaza. Hakuna aliyepata la kusema, maana wote wawili walisema kweli.

Ndugu wanachama, hapa ndipo chama huonekana ni chama au si chama. Ni rahisi sana kusimama upande mmoja. Twaweza kusema, "Tusikubali mtambo wowote ufungwe, kwa sababu una kazi za watu." Hapo tutamlipisha yule mama wa barafu, na kila mfanya kazi mwenye tokeni, kwa ajili ya injini iliyochoka. Au twaweza kusema, "Fungeni, fungeni." Hapo tutakuwa tumemtupa mwenzetu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Chama kisichoweza kushika kinga zote mbili hakitapika kitu.

Iko habari ya nchi nyingine inayotufaa. Australia kulikuwa na mtambo wa makaa ya mawe ukiitwa Hazelwood, wa megawati 1,600, ulioanza miaka ya 1960. Mwezi wa Novemba 2016 wenyewe walitangaza kwamba utafungwa, na mwisho wa Machi 2017 ukafungwa. Hesabuni: ni miezi mitano tu. Wafanya kazi mamia waliona lango likifungwa, na bei ya stima katika jimbo lile ikapanda, maana badala yake haikuwa tayari. Nchi ile ilijifunza. Mwaka 2018 ikaweka kanuni kwamba mwenye mtambo mkubwa lazima atoe habari miaka mitatu kabla ya kuufunga. Tena mwaka 2023 mahali pale pale pakawekwa betri kubwa ya megawati 150, ikitumia nyaya zilizokwisha jengwa. Basi mahali pa mtambo mzee pana mali bado: pana nyaya, pana kiwanja, na pana watu wanaojua kazi.

Wala si kila kilichozeeka ni cha kutupwa. Bwawa la Kindaruma lilianza mwaka 1968 likitoa megawati 40. Lilipozeeka, mashine zake mbili zilitengenezwa upya, ikaongezwa ya tatu, na sasa lina nguvu ya megawati 72. Maji ni yale yale. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na huo msala upitao, ndugu, watufikisha kwenye habari ya nyuklia, ambayo watu wa pwani wameisikia sana. Serikali ilipanga kujenga mtambo wa nyuklia wa megawati 1,000, na mahali palipotajwa ni Uyombo, kaunti ya Kilifi, karibu na Watamu. Mwaka 2024 wananchi wa huko waliandamana kuupinga. Mwaka 2025 macho ya serikali yaligeukia Siaya, kando ya ziwa. Wengine mwasema, "Basi umetuondokea." Haujatuondokea. Popote utakapojengwa, stima yake na deni lake ni vya nchi nzima.

Tuseme kwa ufupi mtambo huu ni kitu gani, maana wengine hutishwa na jina tu. Ni boila. Badala ya kuchoma mafuta, hutumia joto la urani. Joto huchemsha maji, mvuke huzungusha mashine, na stima hutoka. Hautoi moshi wa kuchafua hewa, na hufanya kazi usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Hayo ni mema yake na si vizuri kuyaficha.

Lakini ukizeeka, hauzeeki kama dizeli. Chungu cha chuma kinachobeba urani hupigwa na mionzi miaka mingi, na chuma hicho hukakamaa, kikawa chepesi kupasuka. Mabomba na mashine nyingine zaweza kubadilishwa, lakini chungu chenyewe hakibadilishwi. Kwa hiyo wakaguzi hukipima tena na tena kabla ya kutoa ruhusa ya miaka mingine. Afrika nzima mtambo mmoja wa nyuklia ndio ulio na umri wa kutosha kutufundisha: Koeberg, karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Ulianza kutoa stima mwaka 1984 kwa ruhusa ya miaka 40. Kabla miaka haijaisha, mashine zake kubwa za mvuke zilitolewa zikawekwa mpya, na mwezi wa Julai 2024 sehemu ya kwanza ya mtambo ule ikapewa ruhusa ya miaka 20 tena. Nchi ile ilikuwa imesumbuliwa na giza la zamu miaka mingi. Haikuweza kuzima mtambo mzee kwa sababu hakukuwa na badala yake.

Na ukizimwa je? Uingereza walifungua mtambo wa Calder Hall mwaka 1956. Ulifungwa mwaka 2003. Kazi ya kutoa urani yote ndani yake ilimalizika mwaka 2019, miaka 16 baada ya kuzimwa, na kubomoa bado. Ndiyo sababu katika nchi nyingi zenye nyuklia, mwenye mtambo hulazimishwa kuweka akiba ya mazishi tangu siku mtambo u hai. Wajerumani nao walizima mitambo yao mitatu ya mwisho tarehe 15 Aprili 2023, na kazi ya kubomoa na kutunza taka ni ya miaka mingi baada ya hapo.

Hatukusema haya kuwatia hofu. Tumesema ili mwone kwamba anayejenga mtambo wa miaka 60 anawaandikia wajukuu mkataba. Basi aulizwe leo: akiba ya kuuzima iko wapi? Taka zitakaa wapi? Vijana wetu watafundishwa kazi ya ufundi, au watapewa ufagio tu? Na wananchi wameulizwa? Mwaka 2019 mpango wa mtambo wa makaa ya mawe kule Lamu ulifutiwa ruhusa na mahakama ya mazingira, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kutouliza watu si njia ya mkato.

Sasa tufike mwisho. Mwaka 2023 nchi nzima iliingia gizani mara tatu: tarehe 25 Agosti, tarehe 11 Novemba, na tarehe 10 Desemba. Usiku ule wa Agosti kila mmoja wetu alikumbuka jinsi tunavyotegemea nyaya hizi, kutoka wodi ya uzazi mpaka posho ya samaki katika friji. Mahitaji ya stima ya nchi kwa wakati mmoja yalipita megawati 2,300 mwaka 2025, na yanaongezeka. Hatuwezi kuzima ovyo, wala hatuwezi kung'ang'ania vikuukuu milele. Yatupasa kuwa na mpango.

Kwa hiyo twaleta kwenu mambo matano, myazungumze, mkiyakubali Katibu ayapeleke mbele.

Moja. Itolewe orodha ya mitambo yote ya stima nchini, mwaka ulipoanza kila mmoja na mwaka unaotazamiwa kufungwa, iandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa mahali watu wanaposoma.

Mbili. Mtambo usizimwe kabla badala yake haijajaribiwa saa ile ngumu, yaani saa moja mpaka saa tatu usiku, kila nyumba inapowasha taa na kupika.

Tatu. Wafanya kazi wa mtambo wapewe habari miaka mitatu mbele, wafundishwe kazi nyingine kwa gharama ya mwenye mtambo, na wapewe kiinua mgongo. Neno hili liwaguse na wa kontrakta, si wale wa daftari kubwa peke yao.

Nne. Kiwanja kisafishwe, mafuta machafu yaondolewe kabla hayajaingia baharini, na mahali penye nyaya tayari pawekwe kazi nyingine ya stima badala ya kuuziwa mtu ajenge maghala.

Tano. Mikataba ya stima isomwe hadharani kabla ya kutiwa sahihi, kusudi tujue chumba gani tunakilipia kodi bila kulala.

Yule mama wa barafu na yule mwenzetu wa kontrakta wamo humu ndani leo. Wamekaa benchi moja, tunawaona. Twataka siku Rabai au Kipevu ya tatu itakapozimwa, mama anunue tokeni yake kwa bei nafuu, na mwenzetu awe ndani ya lango lile lile akitunza mtambo mwingine. Ikiwa itakuwa hivyo au haitakuwa, yategemea maneno tutakayopeleka mwaka huu, si mwaka 2030.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Wenye maswali na waulize, na wenye kupinga wapinge, maana ndiyo kazi ya mkutano.